Nyanya, Umepata Choo?

Je, msomaji, umewahi kumwuliza nyanya yako mzaa baba kama ameenda haja kubwa? Usinijibu upesi. Sisemi mwanao mchanga aliye kwenye nepi, wala mke wako. Nasema mama aliyemzaa baba yako, ameketi juu ya kitanda cha hospitali na kitambaa chake kichwani, wadi nzima imetega masikio, nawe ni kijana barobaro wa miaka 23 ambaye ametoka Nairobi jana na koti la mtumba alilolinunua Gikomba ili aonekane mtu wa maana.

Mimi nilitakiwa nimwulize swali hilo mwezi wa Agosti mwaka wa 2011. Niliuliza. Tena niliuliza siku tatu mfululizo na nikajibiwa vizuri siku zote tatu. Hata hivyo, jibu hilo nusura limpeleke kaburini.

Kwetu ni Kaplong. Kwa wale wasiopafahamu, Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Narok na kupitia Bomet hukutana hapo na ile itokayo Kericho kupitia Litein na Kapkatet, kisha safari ikaendelea kuelekea Sotik na Kisii. Ukiteremka kwenye matatu hapo, unapokewa na makelele ya makanga, harufu ya mahindi ya kuchoma, na ubaridi wa milima ya majani chai. Boma la nyanya, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Ana shamba dogo la chai, na maisha yake yote amekuwa akichuma majani mawili na chipukizi, kwanza kama kibarua katika mashamba makubwa ya Kericho, baadaye kwenye kishamba chake mwenyewe.

Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la ukibarua, maana ndiko nyanya alikojifunzia Kiswahili. Katika kambi za wachuma chai waliishi Waluhya, Wakisii, Wajaluo na Wakipsigis, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili cha mnyapara: njoo, nenda, beba, pima, umepata, hujapata. Katika Kiswahili hicho, kupata ni kukuta kitu mahali kilipo. "Nilienda kwake nikampata." "Nilitafuta kikapu nikakipata." Basi.

Siku hiyo ya Agosti nyanya alikuwa analalamika tumbo. Shangazi alikuwa ameenda kumwona mtoto wake upande wa Narok, na baba alikuwa kazini mbali, kwa hivyo mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuo cha uandishi wa habari, ndiye niliyempakia nyanya ndani ya matatu tukaenda hospitali moja iliyo mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Kaplong. Sina sababu ya kuitaja kwa jina, kwani kosa ninalolisimulia si lao. Ni langu.

Alilazwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi alikuja kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, mpole, kalamu tatu mfukoni, ambaye hakujua hata neno moja la Kikipsigis. Alinitazama, akaona koti langu, akaamua kuwa mimi ni msomi mwenzake. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nyanya amefanya "excretion" tangu jana.

Neno hilo lilinishtua kidogo. Si kwamba sikulijua, bali nililijua kupita kiasi. Mwaka wa 2004 nikiwa kidato cha pili, tuliulizwa katika mtihani wa biolojia tutoe mifano mitatu ya "excretion". Mimi, kwa imani kubwa, nikaandika mfano wa kwanza kuwa ni kwenda choo. Karatasi iliporudi, jibu lile lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu mara mbili, kana kwamba mara moja haingetosha. Mwalimu wetu alisimama mbele ya darasa akatueleza, na mpaka leo sijasahau. Chakula kisichosagwa tumboni, alisema, hakijawahi kuingia mwilini kamwe. Kimepita tu, kama vile abiria anavyopita Kaplong akielekea Kisii bila kuteremka. Kukitoa nje kuna neno lake jingine kabisa, nalo ni "egestion". Lakini "excretion" ni kutoa zile taka ambazo mwili wenyewe umezitengeneza ukiwa kazini: hewa chafu ya kaboni inayotoka mapafuni, urea na maji ya ziada yanayochujwa na figo, chumvi itokayo na jasho. Kwa hivyo mtu anayepumua, akatokwa na jasho na kwenda haja ndogo, huyo amefanya "excretion" hata kama hajaonja chooni wiki nzima.

Sasa hebu mfikirie yule mwanafunzi wa udaktari. Alitaka kujua habari ya haja kubwa. Lakini haja kubwa ni neno zito hata kwa Mwingereza, naye akachukua lile la kitabuni lililo safi zaidi. Kwa mujibu wa mwalimu wangu, jibu sahihi lingekuwa: ndiyo, bwana, nyanya anapumua.

Mimi nilielewa vyema alichotaka. Nikageuka kwa nyanya. Na hapo ndipo ulimi uliponikwama.

Kuna neno la Kikipsigis la jambo hilo, na mtoto wa miaka mitatu analijua. Sitaliandika hapa kwa sababu mhariri wangu ana jamaa huko. Lakini mjukuu wa kiume, mtu mzima aliyekwisha kutahiriwa, hasimami mbele ya nyanya yake na kulitamka neno hilo wadini. Nilitafuta tafsida. Tulifundishwa shuleni kwamba tafsida ni lugha ya adabu, na Kiswahili kimejaaliwa tafsida za choo kuliko lugha nyingi: kwenda haja, kwenda msalani, kujisaidia, na wenzetu wa Tanzania wanaposafiri kwa basi husimamishwa njiani wakachimbe dawa. Hapa Kenya, wanafunzi wa shule za bweni wana "long call" na "short call", maneno ambayo Mwingereza mwenyewe akisikia hudhani ni habari ya simu. Kujisaidia nilikuogopa, maana nilikumbuka kile kisa cha mwenyeji aliyetaka kuwakaribisha wageni mezani kwa kufasiri Kiingereza neno kwa neno, akawaambia, "Jisaidieni, jamani, jisaidieni!"

Nikaona nitumie ile waitumiayo manesi wote kuanzia Mombasa hadi Busia. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini:

"Kogo, umepata choo?"

Nyanya akanitazama kwa upendo. "Ndiyo," akasema. "Nimepata."

Nikamfasiria mwanafunzi wa udaktari: ndiyo. Akaandika. Jumapili akaja tena, nikauliza tena, nyanya akajibu tena, safari hii akishangaa kidogo. "Nimepata. Si nilikwambia?" Jumatatu vilevile, lakini siku hiyo alijibu kwa shida, na nilidhani ni kwa sababu nilikuwa namchosha kwa maswali. Tumbo lake lilikuwa limefura. Chai aliikataa, na kwa mtu wa Kaplong kukataa chai si jambo dogo.

Jumatatu alasiri shangazi akafika. Hakuwa hata ameweka kikapu chini. Alimtazama mama yake, akaweka kiganja juu ya tumbo lile lililokaza kama ngoma, kisha akauliza kwa Kikipsigis, kwa lile neno lenyewe, bila pazia, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi jikoni. Mama mmoja wa kitanda cha pili aliangua kicheko.

Nyanya akajibu kwamba hapana. Tangu Alhamisi, hakuna. Hata upepo hautoki.

"Na huyu mtoto alisema nini kwa daktari?"

"Huyu," nyanya akasema, akininyoshea kidole, "kila siku ananiuliza kama nimepata choo. Kipo nyuma ya wadi, kando ya mti. Nilikipata siku ya kwanza."

Sitaweza kueleza nilivyojisikia. Nilikimbia kumtafuta yule kijana wa kalamu tatu, naye akakimbia kumtafuta mkubwa wake. Nyanya alipigwa picha ya eksirei, na daktari mpasuaji alituonyesha kivuli kikubwa kilichopinda katikati ya tumbo kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kisha ikakunjwa. Utumbo mpana ulikuwa umejisokota, akasema, kama kamba. Ugonjwa huu madaktari huuita volvulasi, na huonekana Afrika Mashariki zaidi kuliko huko Ulaya. Kipande kilichosokotwa hukosa damu, na kikikaa sana bila damu hufa kikiwa ndani ya mtu. Ndiyo maana madaktari huuliza lile swali letu kila asubuhi. Mtu ambaye tumbo limefura, hapati haja kubwa wala upepo, hangojewi hadi kesho.

Usiku huo huo alipasuliwa, na sehemu ya utumbo ikakatwa. Mimi na shangazi tuliketi kwenye benchi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, mara moja, karibu saa saba za usiku, "Hicho chuo chenu cha kuandika habari, wanawafundisha nini?"

Nyanya alipona. Lakini swali la shangazi halikunitoka, na nilipoanza kazi ya magazeti nikajikuta kila nikifungua kamusi kubwa ya Kiingereza natafuta yale maneno ya siku ile, kama mtu anayerudi mahali alipoangusha pesa.

La kwanza, "excretion". Waingereza walilichukua kutoka Kilatini karibu na mwanzo wa karne ya 17, na kiini chake ni kitenzi "cernere", yaani kuchekecha. Ukiweka "ex" mbele yake unapata kuchekecha na kutoa nje. Hakuna uchafu wowote katika asili ya neno hili, ni habari ya ungo na chekeche. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ofisini, maana mtoto wa sehemu zetu za chai hahitaji Kilatini kulielewa. Mtu aliyetembelea kiwanda cha majani chai, Litein au Kapkatet au Mogogosiek, ameona jinsi majani yakishanyaushwa, yakasagwa, yakachachushwa na kukaushwa, hupitishwa juu ya machekeche yanayotikisika, na kila ukubwa wa chembe ukaanguka mahali pake: BP1, PF1, PD, vumbi. Nyuzi na vijiti huondolewa kando. Figo zetu hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Katika siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka damuni, na karibu zote zikarudishwa. Kinachotoka nje kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili hivi. Kiwanda gani kinaweza kuchekecha hivyo bila kusimama tangu mtu azaliwe?

Lakini lililonivutia zaidi ni ndugu za neno hilo. Kuchekecha na kuweka kando, kwa Kilatini "secernere", ndiko kulikozaa "secret", yaani siri, kitu kilichotengwa. Kutoka kwa siri akapatikana "secretary", ambaye asili yake ni mtunza siri za bwana wake. Kwa hivyo katibu muhtasi anayekuzuia mlangoni kumwona mkurugenzi, na jambo lile unalolifanya ukiwa umefunga mlango, ni watoto wa ukoo mmoja. Niliwahi kumweleza hivyo katibu muhtasi mmoja wa ofisi yetu. Hakunisemesha hadi Ijumaa.

La pili ni "defecate", ambalo ndilo lingemfaa yule mwanafunzi wa udaktari. Hili nalo limetoka Kilatini, kwa neno "faex", wingi wake "faeces", na maana yake ya asili ni mashapo, yaani yale masimbi yanayotuama chini ya chombo cha mvinyo. Karne ya 16, Mwingereza akisema "defecate" alikuwa anasema kusafisha, kuondoa mashapo kinywaji kibaki safi. Hata hewa au mawazo yaliweza kusafishwa kwa neno hilo. Ni katika karne ya 19 tu ndipo lilipoteremka likaingia chooni, na tangu hapo hakuna anayethubutu kulirudisha mezani. Isipokuwa watu wa sukari. Katika vitabu vya utengenezaji wa sukari, ile hatua ya kutia chokaa katika maji ya miwa na kuyapasha moto ili uchafu utuame bado inaitwa "defecation" hadi leo.

Wazee wetu wangewaelewa hao Warumi. Pombe ya kienyeji ilinywewa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu yenye vichungi nchani, ili mashapo yabaki chini na wazee wabaki na heshima zao. Na Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Wahunzi walipoyeyusha chuma, takataka iliyobaki waliiita mavi ya chuma, na neno hilo limo katika kamusi zetu bila aibu yoyote. Mrumi alianzia chungu cha mvinyo akaishia chooni, Mswahili akaanzia chooni akaishia kwa mhunzi.

Na hapo hapo kuna dawa ya uongo mmoja ninaousikia sana kutoka kwa vijana wa vyuo: kwamba lile neno la Kiingereza "crap" lilitokana na jina la Thomas Crapper, fundi wa mabomba wa London aliyeuza vyoo vya kuvuta maji. Crapper aliishi kweli, akafariki mwaka wa 1910, lakini neno hilo lilikuwako Kiingereza kabla ya babu zake kuzaliwa. Marehemu alisadifu tu kuwa na jina na kazi vinavyofanana.

Sasa turudi kwa neno letu wenyewe, choo. Nimelichunguza sana neno hili kwa sababu ndilo lililonifunga. Msomaji wa pwani atashangaa ni kwa nini nyanya hakuelewa, maana kwake yeye choo ni vitu viwili kwa pamoja: ni chumba, na ni kile kinachoachwa humo. Mgonjwa hupata choo, hufunga choo, choo chake huwa kigumu au laini, na kipimo cha choo huchukuliwa ndani ya kikopo. Lakini bara, kwa watu waliojifunzia Kiswahili shambani na sokoni, choo ni kibanda. Kina mlango, kina shimo, na ukifika mahali pageni jambo la kwanza ni kukipata. Ukimwambia mama wa namna hiyo alete choo chake kesho asubuhi kwa ajili ya vipimo, atadhani umerukwa na akili. Na usimcheke. Sisi tuliosoma pia tunajibu "ndiyo" kila siku kwa maswali ya benki na ya bima ambayo hatujayaelewa, kwa sababu anayeuliza amevaa koti.

Nilizungumza na nyanya juu ya jambo hili mara moja tu, miezi mitatu baada ya upasuaji. Alikuwa ameketi nje akichambua mboga, mimi nimekuja na mkate na sukari kama mtu anayelipa deni. Nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nililijua lile neno lakini niliona haya.

Aliendelea kuchambua mboga.

"Weri," akasema mwishowe, "wewe mama yako alipokuwa anaenda kuchuma chai, uliachiwa nani?"

"Wewe, kogo."

"Ni nani alikupangusa miaka miwili?"

"Ni wewe."

"Sasa haya hizo ulizitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinipa sufuria nikachote maji.

Nyanya yungali hai, na ameipita miaka 80 zamani. Masikio yamepungua nguvu lakini mdomo uko palepale. Tangu mwaka ule amelifanya swali langu kuwa salamu. Akipigiwa simu hanijulii hali kwanza wala haulizi watoto. Hupaza sauti kwa Kiswahili chake cha mnyapara: "Umepata choo?" Nami hujibu: "Nimepata, kogo!" Kisha ndiyo tunaanza mazungumzo ya ng'ombe na bei ya majani chai.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye steji ya Kaplong nikingojea gari la kurudi Nairobi, mzigo wa mahindi miguuni na gudulia la mursik kwapani, simu ikalia. Kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, nikabonyeza ile sauti ya wazi. Nyanya akauliza swali lake, na watu wote wa steji wakasikia.

Kabla sijajibu, kanga mmoja kijana alinigusa bega kwa huruma, akaninyoshea kidole ng'ambo ya barabara.

"Kiko pale nyuma ya duka la mbolea, mkubwa," akasema. "Shilingi kumi."